Mhariri, Nifichie Jina: Gazeti la Wahamiaji Lililobeba Siri za Mji Mzima

Wote tunaijua hii. Mtu anaingia kwenye grupu usiku, anaandika, "Admini naomba nifichie jina, nina jambo limenikaa moyoni." Anamwaga yote: mume kapotea, mama mkwe kaingilia, bosi anasumbua, rafiki kaiba mchumba. Asubuhi kuna komenti mia nne. Wengine wanampa pole, wengine wanamtukana, na wawili watatu wameshamjua ni nani maana hadithi yenyewe imemuumbua.

Tunadhani haya mambo yameletwa na simu. Hapana aisee. Haya mambo yana umri wa zaidi ya miaka 100, na waliokuwa wanayafanya walikuwa washona nguo, wachuuzi na mabinti wa viwandani, kwenye vyumba vya kupanga vya New York, kwa lugha ambayo Mmarekani wa kawaida hakuweza kuisoma hata neno moja.

Ngoja nianze na saa ya mfukoni.

Mwaka 1906 mama mmoja, mhamiaji, aliandika barua kwa gazeti. Nyumbani kwao kulikuwa na saa. Siyo saa ya kuringia tu. Kazi zikikauka, saa inapelekwa rehani, pesa inapatikana, watu wanakula. Kazi zikirudi, saa inakombolewa. Yaani ile saa ndiyo ilikuwa benki yao. Siku moja ikapotea. Mama akamshuku jirani, mwanamke maskini kama yeye. Sasa ukute huyo mama angekuwa wa siku hizi, angepiga picha mlango wa jirani na kuandika maneno. Yeye hakufanya hivyo. Kwa kupitia gazeti alimwambia jirani yake, bila kumtaja jina: najua una shida, kama umeshaiweka saa rehani, nitumie tu ile risiti ya rehani kwa posta. Sitasema kitu. Tutabaki majirani kama zamani.

Soma tena hapo. Anamwandikia mtu anayeishi mlango wa pili, na barua inapitia gazeti linalosomwa na maelfu. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa na uhakika kwamba jirani naye analisoma, au anasomewa. Gazeti lile lilikuwa uwani kwao. Tulia tuelezane lilifikaje hapo.

WALIOSHUKA MELINI

Mwaka 1881 mfalme wa Urusi, Alexander wa Pili, aliuawa kwa bomu. Wayahudi waliokuwa wakiishi chini ya dola yake wakabebeshwa lawama, na fujo zikazuka: nyumba kuvunjwa, maduka kuporwa, watu kupigwa na kuuawa. Ukichanganya na umaskini na sheria za kuwabana, watu wakaanza kuondoka. Kati ya 1881 na 1924, Wayahudi kama milioni mbili kutoka Ulaya ya Mashariki walihamia Marekani. Wengi wao walishukia New York, na kati yao wengi wakarundikana kwenye mtaa wa Lower East Side.

Lugha yao ilikuwa Kiyidi. Ni lugha yenye mifupa ya Kijerumani, ina maneno mengi ya Kiebrania na ya lugha za Kislavi, na inaandikwa kwa herufi za Kiebrania kutoka kulia kwenda kushoto. Wasomi wengi wa zama zile waliidharau. Walisema siyo lugha, ni Kijerumani kilichoharibika, ni maneno ya jikoni. Kama umewahi kuambiwa lugha ya kijiweni kwenu ni uhuni mtupu, unaijua hiyo dharau.

Watu hawa walikuwa wanalala familia nzima kwenye chumba kimoja au viwili, na baadhi wanampangisha mtu mwingine kona ili kodi itimie. Mchana ni cherehani. Usiku ni cherehani vilevile, kwa sababu kazi nyingine zilifanyiwa nyumbani. Mji unawazunguka kwa Kiingereza: vibao, polisi, mahakama, shule ya mtoto. Hawaelewi. Na hapo ndipo gazeti la lugha ya nyumbani linapogeuka kuwa kitu kikubwa kuliko habari.

HAWAKUWA WA KWANZA

Marekani ina historia ndefu ya magazeti ya wageni. Mwaka 1732 Benjamin Franklin, huyohuyo wa kwenye noti ya dola 100, alijaribu kutoa gazeti la Kijerumani pale Philadelphia. Likafa haraka. Lakini Wajerumani walipoanza kutoa ya kwao, yakashika. Julai 5, 1776, siku moja baada ya Tamko la Uhuru wa Marekani kupitishwa, gazeti la kwanza kutangaza habari hiyo lilikuwa la Kijerumani, Pennsylvanischer Staatsbote. Yaani habari kubwa kuliko zote za nchi hiyo, waliowahi kuipata gazetini ni wasomaji wa lugha ya kigeni.

Mwaka 1808 likatoka gazeti la Kihispania kule New Orleans. Mwaka 1854, wakati wa vurugu za kutafuta dhahabu California, Wachina wa San Francisco wakapata gazeti lao la kwanza. Ilipofika miaka ya 1890, magazeti na majarida ya Kijerumani peke yake Marekani yalikuwa kama 800. Wapolandi, Waitaliano, Wanorwe, Wacheki, Wajapani, kila jamii ilikuwa na la kwake, na mara nyingi siyo moja. La watu wa dini, la wasio na dini, la wafanyakazi, la wafanyabiashara, na yote yanatukanana.

Ndani yake ulikuwa unakuta vitu vitatu. Kwanza, habari za kwetu: vita, mvua, nani kafa, nani kaoa. Pili, habari za hapa: kazi ziko wapi, nyumba ziko wapi, sheria mpya inasemaje. Tatu, matangazo: tiketi za meli, dawa, mtu wa kutuma pesa nyumbani, daktari anayeongea lugha yako. Kama uko kwenye grupu la Waswahili wa ughaibuni, umeshaanza kucheka, maana ndiyo grupu lenyewe hilo.

MZEE WA FORVERTS

Aprili 22, 1897 likazaliwa gazeti la Kiyidi liitwalo Forverts, maana yake "Mbele". Lilikuwa la wajamaa, watu wa vyama vya wafanyakazi. Mhariri wake aliyelijenga aliitwa Abraham Cahan. Alizaliwa 1860 karibu na Vilnius, akakimbilia Marekani mwaka 1882 kwa kuogopa kukamatwa na polisi wa mfalme. Alifanya kazi kiwandani. Kiingereza alikitafuta kwa nguvu kiasi kwamba alikaa darasani na watoto wadogo ili apate matamshi. Fikiria jamaa mwenye ndevu zake amekaa dawati moja na watoto wa miaka 12.

Baadaye Cahan akaliacha Forverts na kwenda kufanya kazi kwenye gazeti la Kiingereza, akawa ripota wa polisi, mahakama, mitaani. Huko akajifunza kitu ambacho wajamaa wenzake hawakukijua: mtu wa kawaida hasomi hotuba, anasoma habari za watu. Aliporudi Forverts mwaka 1903 akabadilisha kila kitu. Makala za nadharia zikapunguzwa. Zikaja habari za mtaani, mapenzi, kesi, maisha ya kazini.

Na lugha? Akasema iandikwe kama watu wanavyoongea. Watu wa Lower East Side walikuwa wameshachanganya Kiyidi na Kiingereza. Bosi alikuwa "bos", karakana ilikuwa "shap", dirisha likawa "vinde". Cahan akayaacha yaingie gazetini vilevile. Wasomi wakachafukwa na roho. Wakasema anaiua lugha. Lakini mshona nguo aliyetoka kazini saa mbili usiku alifungua gazeti akakuta linaongea kama yeye. Akalinunua kesho yake tena. Kufika miaka ya 1920 Forverts lilikuwa linauza zaidi ya nakala 200,000 kwa siku, likiwa na matoleo ya miji mingine pia. Hilo ni gazeti la lugha ya kigeni, kwenye nchi ya Kiingereza, na liliweza kuyatazama magazeti mengi ya Kiingereza usoni.

Mwaka 1912 wakahamia jengo lao la ghorofa kumi pale East Broadway, lenye sura za akina Karl Marx zimechongwa ukutani. Sasa hivi jengo hilo ni apatimenti za watu wenye pesa zao. Marx bado yupo ukutani, anawaangalia wakiingia.

BUNDUKI YA CAHAN: BARUA

Januari 1906 kulifika ofisini barua ambazo hazikuwa na pa kuwekwa. Siyo habari, siyo siasa, siyo malalamiko ya chama. Ni watu wanalia tu. Cahan akaziona, akasema hizi ndizo nilizokuwa nazitafuta. Likaanza safu liitwalo "Bintel Brief", yaani kifurushi cha barua. Barua ya ile saa ilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa.

Baada ya hapo ni mafuriko. Barua zilianza na "Mhariri mheshimiwa" na ziliishia bila jina. Mwandishi alikuwa "msomaji wako wa kila siku", au "mama mwenye uchungu", au "mjinga mmoja". Kuna waliokuwa hawajui kuandika kabisa, hao walikuja ofisini wenyewe wakasimulia, mtu akawaandikia. Barua zilifupishwa na kunyooshwa Kiyidi chake kabla ya kuchapwa, na jibu likawekwa chini yake. Miaka ya mwanzo Cahan mwenyewe alikuwa anajibu, baadaye akawaachia wengine.

Waliandika nini? Karibu kila kitu unachokijua.

Binti wa kiwandani aliandika kwamba msimamizi wake anamshikashika na kumtongoza, na alipomkataa mshahara wake ukakatwa. Nyumbani kuna watu wanategemea pesa hiyo. Afanyeje? Gazeti likamjibu kwamba mtu wa namna hiyo aanikwe hadharani na wenzake kazini wasikae kimya. Huo ulikuwa muongo wa kwanza wa karne ya 20, rafiki.

Kijana asiyeamini dini aliandika kwamba anataka kuoa bila sheikh wao, yaani rabi, lakini baba wa binti anasema bila ndoa ya dini hakuna harusi. Je, akubali ili amani iwepo, au ashike msimamo? Kuna waliopendana na mtu wa dini nyingine na wazazi wamekaa matanga kama vile mtoto kafa. Kuna waliokuja Marekani kwa pesa waliyochangiwa na kijiji kizima, hawana kazi, na wanaona aibu kuandika ukweli nyumbani. Hiyo ya mwisho, naona kuna mtu hapa kanyamaza.

Na kuna za kuchekesha. Jamaa mmoja aliandika kwamba kampenda msichana mzuri, tatizo ana dimpozi kidevuni, na watu wamemwambia mwenye dimpozi ya kidevuni humzika mwenzi wake wa kwanza mapema. Anaogopa kufa. Mhariri akamjibu, kwa maana, kwamba msiba hapa siyo kidevu cha binti, msiba ni kichwa cha anayeuliza, kuna skrubu imelegea. Ingekuwa leo tungesema amechomwa bila mafuta.

Cahan alikuwa na tabia ya ualimu pia. Mwaka 1903 mzazi mmoja aliuliza huu upuuzi wa besiboli una maana gani, watu wazima wanakimbizana na mpira kama wendawazimu, na mwanawe hataki kuacha. Jibu lilikuwa: mwache acheze, mradi masomo hayaharibiki, usimlee mtoto awe mgeni kwenye nchi aliyozaliwa. Mwaka 1909 gazeti lilichapa maelezo ya mchezo wenyewe na mchoro wa uwanja, kwa ajili ya wazazi. Kuna wakati aliwaambia akina mama wawape watoto leso za kufutia pua wakienda shule. Wajamaa wenzake wakamcheka: leso inahusiana nini na ujamaa? Yeye akawauliza, tangu lini ujamaa ukapingana na pua safi?

PALE AMBAPO JINA HALIKUFICHWA

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo mimi inaninyima raha.

Mwanaume wa zama zile alikuwa anatangulia Marekani peke yake. Mke na watoto wanabaki Urusi wakisubiri tiketi. Mwaka, miwili, mitano. Wengine walituma tiketi. Wengine walipata mtu mwingine. Wengine mke alifika kweli, akakuta mume kageuka Mmarekani, kanyoa ndevu, anamwonea aibu mke mshamba mwenye kitambaa kichwani. Halafu kuna waliokimbia kwa sababu tu kazi hakuna na watoto wanalia njaa. Anaaga anakwenda kutafuta kazi mji wa jirani. Harudi.

Kwa mwanamke wa Kiyahudi hili halikuwa suala la mapenzi tu. Kwa sheria ya dini yao, mke hawezi kuolewa tena bila mume kumpa hati ya talaka kwa mkono wake. Mume akipotea hai, mke anabaki amefungwa. Wana jina kabisa la mwanamke wa namna hiyo: aguna, aliyefungwa pingu. Hana mume na hawezi kupata mume. Na mtaa ule hakuna mshahara wa kike uliotosha kulea watoto watatu.

Forverts likaanza kuchapa picha. Ukurasa mzima wa sura za wanaume, wamepangwa kwa mistari kama wahalifu, na chini yake jina, umri, kazi, alama za mwilini, mji aliotoka, watoto aliowaacha. Waliuita jumba la picha la waume waliopotea. Mwaka 1911 ikaundwa ofisi maalumu ya Wayahudi ya kuwasaka watu hao nchi nzima, ikishirikiana na gazeti. Picha inatolewa New York, msomaji wa Chicago anakunywa chai yake, anaangalia, anamgeukia mpangaji wa chumba cha nyuma: wewe si ulisema hujaoa?

Na walikamatwa. Siyo wote, lakini wengi walipatikana kwa njia hiyo, wakapelekwa mahakamani au wakakubali kutuma matunzo.

Ukilisoma hilo haraka unapiga makofi. Wanaume wajifunze. Mimi pia nilipiga makofi. Kisha nikawaza watoto. Wale watoto walikwenda shule kesho yake, na darasani kila mwenzao baba yake alikuwa na gazeti lile nyumbani. Picha aliyoitoa mama kabatini, labda picha pekee ya baba, sasa iko mikononi mwa mji mzima, watu wanafungia samaki. Mke aliyepeleka picha hiyo alijua kwamba anaianika na nyumba yake mwenyewe. Alipeleka kwa sababu alikuwa amemaliza njia nyingine zote.

Kwa hiyo gazeti lilelile lilikuwa na kurasa mbili. Moja inaficha jina ili mtu aweze kusema. Nyingine inataja jina ili mtu ashindwe kukimbia. Na aliyeamua nani afichwe na nani aanikwe ni watu wachache waliokaa ofisini East Broadway. Tofauti yao na akaunti zetu za udaku ni moja, lakini ni kubwa: kabla picha haijatoka, kulikuwa na mke aliyekuja kulalamika kwa jina lake na anwani yake, na ofisi iliyofuatilia. Hawakuchapa "tetesi zinasema". Sisi tunachapa tetesi kwanza, mwenye picha tunamtafuta baadaye.

LUGHA ILIYOITISHA MGOMO

Usidhani yote yalikuwa ya mapenzi. Novemba 22, 1909 wafanyakazi wa viwanda vya blauzi walikusanyika ukumbi wa Cooper Union. Wakubwa wakahutubia saa nyingi. Binti mdogo wa mwili, Clara Lemlich, akaomba nafasi, akapanda, akaongea Kiyidi, akasema amechoka na maneno, anataka mgomo. Wafanyakazi kama 20,000, wengi mabinti, wakagoma. Forverts lilikuwa nyuma yao.

Machi 25, 1911 kiwanda cha Triangle kikaungua. Mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa. Watu 146 wakafa, wengi mabinti wahamiaji, Wayahudi na Waitaliano, baadhi wakiruka kutoka ghorofa ya tisa. Magazeti ya Kiingereza yaliandika habari ya maafa. Magazeti ya Kiyidi na ya Kiitaliano yaliandika habari ya msiba, maana wasomaji wake walikuwa wakitafuta majina ya ndugu.

PALE SERIKALI INAPOOGOPA HERUFI

Gazeti ambalo mwenye nchi hawezi kulisoma linamtia mwenye nchi wasiwasi. Marekani ilipoingia Vita ya Kwanza ya Dunia mwaka 1917, sheria ikatoka Oktoba ile: gazeti la lugha ya kigeni likiandika juu ya serikali au vita, lazima lipeleke tafsiri ya Kiingereza posta, mpaka lipewe kibali. Forverts, lililokuwa likipinga vita, likatishiwa kunyimwa huduma ya posta ya bei nafuu. Cahan akapunguza sauti ili gazeti lisife. Magazeti ya Kijerumani yalipigwa zaidi. Matangazo yakakimbia, wasomaji wakaogopa kuonekana nayo kwenye treni. Mengi hayakuinuka tena.

Vita ya Pili ikawa zamu ya Wajapani. Mwaka 1942 watu wenye asili ya Japani karibu 120,000, wengi wao raia kabisa wa Marekani, walitolewa makwao pwani ya magharibi na kupelekwa makambini. Los Angeles kulikuwa na gazeti Rafu Shimpo, lililoanza 1903. Kabla ya kuondoka, mwenye gazeti akazificha herufi za chuma za Kijapani chini ya mbao za sakafu ya ofisi. Miaka ikapita. Waliporudi, wakafumua sakafu, herufi zipo. Januari 1946 gazeti likatoka tena.

KUFANIKIWA KULIKOUA

Forverts halikufa kwa kukatazwa. Mwaka 1924 Marekani ilifunga mlango kwa sheria ya kuweka idadi, na wahamiaji wa Ulaya ya Mashariki wakawa wachache sana. Wasomaji wapya hawakuja. Watoto waliofundishwa besiboli na leso wakasoma, wakahama mtaa, wakawa wanasoma magazeti ya Kiingereza. Kazi aliyoifanya Cahan ya kuwaingiza watu Marekani ilikamilika, na kila aliyeingia kabisa alikuwa msomaji mmoja aliyepungua.

Kisha likaja lile ambalo hakuna aliyelitarajia. Wanazi waliwaua Wayahudi milioni sita, na wengi wa waliouawa walikuwa wasemaji wa Kiyidi. Kisima chenyewe kikafukiwa. Gazeti lililokuwa la wahamiaji likawa la waliobaki.

Liliendelea hata hivyo. Isaac Bashevis Singer alichapisha hadithi zake humo kwa miongo, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi kwa kazi zilizoandikwa kwa lugha ile ile iliyoitwa maneno ya jikoni. Mwaka 1983 gazeti la kila siku likawa la kila wiki. Mwaka 2019 wakaacha kuchapa kwenye karatasi. Kiyidi chake bado kipo, mtandaoni.

NA SISI JE?

Pwani yetu ilikuwa na mambo yake. Zanzibar kulikuwa na Samachar, gazeti la Kigujarati lililosomwa na Wahindi wa mjini, na Al-Falaq la Waarabu. Kusini zaidi, Durban, Gandhi na wenzake walianzisha Indian Opinion mwaka 1903, likitoka kwa Kiingereza, Kigujarati, Kihindi na Kitamil. Waliokuwa wageni kwetu walijua umuhimu wa kuwa na karatasi yao.

Leo wageni ni sisi. Tuko Muscat, tuko Minneapolis, tuko London. Gazeti letu ni grupu: msiba wa fulani michango iende namba hii, kuna chumba kinapangishwa, nani anasafiri wiki hii abebe mzigo, na usiku, "admini nifichie jina". Kazi ni ileile. Tofauti ni kwamba Forverts limehifadhiwa maktaba, mjukuu wa mshona nguo anaweza kwenda kusoma bibi yake aliishije. Grupu letu simu ikidondoka chooni, historia yote imekwenda. Mjukuu wako atasoma nini?

Na admini, ukumbuke una kurasa mbili mkononi. Ile inayoficha na ile inayoanika.

Mimi narudi kwa yule mama wa saa. Alikuwa na haki ya kumtaja jirani yake. Alikuwa na gazeti lenye maelfu ya wasomaji. Akachagua kumpa mwenzake mlango wa kurudi: tia risiti kwenye bahasha, bandika stempu, tuendelee kusalimiana kwenye ngazi. Nani hapa kati yetu, akiwa na ushahidi na bando limejaa, angefanya hivyo?

Nijibuni hapo chini. Ukitaka, nitakufichia jina.